MGB iliyokaa kwa mzee mmoja miaka yote: dalili, vyanzo, na wakati wa kuita fundi

Malalamiko ya watu wanaonunua gari la michezo la Kiingereza kutoka kwa mzee aliyekaa nalo miaka mingi yanafanana sana. Gari lilikuwa safi, mzee alipiga stata mbele yako likawaka hapo hapo, mkapeana mikono. Wiki chache baadaye liko kwako Tabata na halitaki kuwaka, au limechemka pale Mwenge saa kumi na moja jioni, na fundi wa kwanza uliyemwita ameshapendekeza kabureta zing'olewe, ifungwe ya Toyota.

Mzuie kwanza. Gari lililotunzwa likianza kusumbua baada ya kubadili mwenyewe, mara nyingi hakuna kilichokufa. Ama lilikuwa limepaki muda mrefu kuliko ulivyoambiwa, ama mzee alikuwa na namna yake ya kuliendesha ambayo hakuitaja kwa sababu hukumuuliza. Kwa hiyo kabla hujafungua nati yoyote, mpigie simu: "Shikamoo mzee. Asubuhi huwa unavuta choki kiasi gani, na oili unaweka ipi?" Wazee wa namna hii hupenda kuulizwa, na jibu moja lao linaweza kukuokolea siku nzima ya gereji.

Nazungumzia MGB kwa sababu ndiyo utakayoipata kirahisi zaidi. Ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, injini ya cc 1798, na spea zake karibu zote bado zinatengenezwa. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa MG Midget na Triumph Spitfire, maana umeme ni wa kampuni ya Lucas kote na maradhi ni yale yale.

Jambo moja la spana kabla ya dalili. Nati za gari hili ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaingia vizuri tu, ila inacheza, na ukikaza kwa nguvu inakula kona. Unapokwenda kuliangalia gari, tazama nati za kabureta, za pampu ya maji na za breki. Zikiwa na kona zake kamili, limeshikwa na watu wenye vifaa vyake. Zikiwa zimeviringika, anza kushuka bei, hata kama rangi inang'aa.

Rangi ina mapovu, au mlango unagusa ukiufunga

Naanza na bodi makusudi. Injini ya MGB unaishusha, unaiweka juu ya meza, unaitengeneza. Bodi haina chesesi chini yake ya kuibeba. Bodi yenyewe ndiyo chesesi. Kwa gari la kukunja paa, uimara wote wa katikati uko kwenye vizingiti vya chini ya milango, ambavyo ni maboksi marefu ya bati la tabaka kadhaa. Kizingiti kikioza, gari linajipinda katikati taratibu, na kitakachokuambia ni mlango.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kutu inayotoka ndani kwenda nje. Tope na maji hutuama nyuma ya madigadi ya mbele, sentimita kumi na tano za mwisho kule chini karibu na mlango, kisha yanashuka kwenye kizingiti. Ukiona mapovu hapo, ujue unaona mwisho wa safari ya kutu. Gari lililolala Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni limekula hewa ya chumvi kila usiku. Muulize mzee lilikuwa likilala wapi, ndani ya banda au chini ya turubai. Turubai la plastiki ni baya kuliko kuacha gari wazi, kwa kuwa linafungia unyevu.

Chanzo cha pili ni puti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe kwenye kizingiti chote, chini ya madigadi, na kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Itakapogoma kushika, chini yake hakuna bati. Tatu, na hili ndilo linalowaumiza watu: vizingiti vipya vilivyochomelewa juu ya vilivyooza. Kwa nje vinapendeza na sumaku inashika vizuri, lakini ndani kutu inaendelea na kazi yake. Tazama kwa chini, ule mshono wa kizingiti. Uwe na tabaka za bati zilizobanwa pamoja kwa nukta za kiwandani, si uzi mnene wa welding uliopigwa msasa na kufunikwa kwa lami nyeusi. Ukikuta ukanda wa stenlesi umefunika kizingiti, omba kwa adabu ufunguliwe.

Chanzo cha mwisho ndicho rahisi: bawaba zimelika. Fungua mlango nusu, unyanyue kwa mkono upande wa kitasa. Ukicheza juu na chini, shida inaweza kuwa hapo tu.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha jeki. Kunja paa, funga milango yote miwili, tazama nafasi kati ya mlango na bodi upande wa nyuma. Weka jeki kwenye tundu lake la kiwandani, nyanyua polepole huku mwenzako akiangalia ile nafasi. Isipobadilika, bodi ni nzima. Ikibadilika, au mlango ukakataa kufunguka, bodi imechoka. Ukisikia bati linasagika pale jeki ilipokaa, shusha mara moja.

Usiondoke bila kufunua zulia nyuma ya viti. Chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna betri. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 yana betri mbili za volti 6 zilizoungwa pamoja. Vikapu vinavyozishika huliwa na asidi na maji, na wengi hawavifungui kuvitazama kwa sababu betri ziko mahali pa tabu. Angalia pia ufa mwembamba juu ya mlango, pale kioo kidogo cha pembe tatu kinapoketi. Ufa huo ni ugonjwa wa MGB nyingi, hauashirii ajali.

Simama hapa na umwite fundi bodi kabla ya kulipa iwapo kipimo cha jeki kimefeli. Muulize swali moja: kabla ya kukata kizingiti, atafanya nini kwenye tundu la mlango? Fundi anayeijua kazi atasema atachomelea vyuma vya kulishikilia lisijikunje. Asiyejua atakata kwanza, na milango yako haitafunga sawa tena. Bodi mpya nzima zinatengenezwa na British Motor Heritage tangu 1988, ila ukijumlisha usafiri wa meli na ushuru wa bandarini, utatafuta gari jingine.

Halitaki kuwaka

Hapa tutenganishe, maana "haliwaki" ni malalamiko matatu tofauti.

*Stata inazunguka kivivu au inatoa mlio wa "tak" tu.* Safisha vichwa vya betri, na kama ni zile mbili, usisahau waya unaoziunganisha. Halafu tafuta waya mnene wa ardhi kati ya injini au giaboksi na bodi. Injini imekaa juu ya mpira, kwa hiyo waya huo ukiwa umeoza au haukurudishwa baada ya klachi kubadilishwa, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi. Njia hiyo huwa waya wa choki. Piga stata, kisha shika kitasa cha choki: kikiwa na joto, umepata jibu, na usiendelee kupiga stata maana waya ule unaweza kuungua ndani ya dashibodi. Vyote vikiwa sawa na bado inasuasua, stata ishushwe ipelekwe kwa fundi wa kusuka mota. Dar wapo wazuri, na bei yao ni ndogo kuliko kuagiza nyingine.

*Stata inazunguka vizuri, gari kimya.* Zima redio ya jirani, washa swichi bila kupiga stata, usikilize kwa nyuma. Pampu ya petroli ya SU iko chini, karibu na gurudumu la nyuma la kulia, na inapaswa kutoa tik-tik-tik ya haraka, ipungue, inyamaze. Kunyamaza maana yake kabureta zimejaa.

Isipolia kabisa, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, pointi zake za ndani zimeungua kwa kukaa muda mrefu; itakufikisha nyumbani, ila itengeneze wiki hiyo hiyo. Ikilia bila kuacha, ama tangi halina kitu, ama inanyonya hewa, ama petroli inamwagika mahali. Fungua boneti utazame kabureta. Sindano ya floti ikikwama, petroli inadondoka kwa nje, na kwenye injini hii kabureta na manifoldi ya eksozi viko upande mmoja, kimoja juu ya kingine. Ukiona petroli inadondoka, zima swichi, usijaribu "mara moja tu", na kaa karibu na kizimamoto. Gonga bakuli la floti taratibu. Isipokata, hapo ni kazi ya fundi.

Pampu ikiwa sawa, nenda kwenye moto wa plagi, siyo kwenye kabureta. Nasisitiza kwa sababu gereji nyingi za mjini zinafanya kinyume, na kasoro nyingi zinazosingiziwa kabureta ziko ndani ya distributa, inayogawa moto kwa plagi. Fungua kifuniko. Kipindi cha masika kinaweza kuwa na majasho ndani. Kifute kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Pointi ziwe na nafasi ya takriban milimita 0.38, plagi milimita 0.64. Kondensa na ile roteri ndogo ni vitu vya bei ndogo, na vipya vya bandia hufa mapema kuliko vya zamani, kwa hiyo kile kilichotoka kikiwa kizima usikitupe. Petroli iliyolala miezi tangini nayo ni chanzo. Inanuka kama rangi ya mafuta iliyochacha. Imwage yote.

Na acha kukanyaga mafuta. Aliyezoea kabureta za Kijapani hukanyaga mara tatu nne kabla ya kupiga stata. Kabureta ya SU haina pampu ya kurushia petroli, kukanyaga hakuongezi kitu. Asubuhi vuta choki, mguu uweke pembeni, piga stata, kisha rudisha choki kidogo kidogo injini inavyopata joto.

*Asubuhi linawaka, ila likizimwa baada ya foleni halirudi.* Hii ndiyo simu ya kawaida zaidi Dar. Umetoka Posta, umepita Selander kwa mwendo wa kinyonga, ukasimama dukani dakika kumi, basi. Joto la manifoldi limepanda kwenye kabureta na petroli inachemka ndani ya bakuli. Fungua boneti, subiri robo saa, kanyaga mafuta nusu bila choki, piga stata. Likiwaka, tazama lile bati la kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi; likiwa halipo, mtu alilitoa akaliona halina kazi, na ndilo tatizo lako. Koili inayokufa ikipata joto inafanana kabisa na dalili hii. Ili kuzitenganisha, jaribu moto wa plagi wakati huo huo likiwa limegoma. Moto ukiwepo mweupe na mkali, ni petroli. Usipokuwepo, ni koili au kondensa.

Ukishafika kwenye kabureta zenyewe, la kuangalia wewe mwenyewe ni dogo. Fungua kifuniko cheusi juu ya kila moja utazame kama kuna oili ndani ya mrija. Ikikauka, gari linakwamakwama ukikanyaga ghafla. Ongeza oili nyepesi ya injini. Kisha nyanyua pistoni kwa pini iliyo pembeni, uiachie: idondoke na kutoa mlio wa chuma. Kulinganisha kabureta mbili zipumue sawa ni kazi ya mwenye sikio au mwenye kifaa. Usikubali zizungushwe skrubu ovyo barabarani.

Linachemka kwenye foleni

Likiwa limechemka, usifungue kifuniko cha rejeta, na usimwagie injini maji baridi. Silinda hedi ni ya chuma cha kalibu na inapasuka. Zima, fungua boneti, subiri mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja. Bodaboda watakuja na ushauri na chupa ya Uhai. Wapokee kwa shukrani, chupa uiweke kando kwanza.

Likishapoa, anza na kiwango cha maji na hali ya kifuniko. Mpira wake ukikauka hakishiki presha, na maji yanachemka mapema. Mkanda wa feni ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uende kama sentimita moja na kidogo, usizidi.

Kinachofuata ni rejeta yenyewe, na hapa Dar ndipo penye kesi nyingi. Maji ya visima vya mjini mengi yana chumvi, na mtu akijaza hayo miaka kumi, mirija inaziba kwa magamba meupe. Ukishika rejeta likiwa na joto ukakuta sehemu za baridi, pameziba hapo. Uzuri wa rejeta hizi ni za shaba na risasi ya kuchomelea, fundi rejeta anaifungua, anasafisha mirija, anaifunga. Baada ya hapo jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

Muulize mzee kama themostati ipo. Gereji nyingi huitoa na kusema "huku kwetu joto, haina kazi". Injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake na inalika. Ya kawaida kwa MGB ni ya nyuzi 82, na kiwanda kiliweka ya nyuzi 74 kwa nchi za joto. Hiyo ndiyo yetu. Baada ya hapo angalia taimingi, ikirudi nyuma injini inapata moto bila sababu ya kuonekana.

La mwisho ni gasketi ya silinda hedi. Maji yanapungua bila kumwagika, eksozi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa ya moto, kifuniko cha oili kina utando kama mtindi, au mapovu yanapanda kwenye rejeta ukiwasha injini baridi kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Ukiona mawili kati ya hayo, usiendeshe tena. Hedi itolewe na ipelekwe kupimwa unyoofu na nyufa.

Moshi, na geji ya oili iliyolala

Kawaida ya geji hii, injini ikiwa ya moto, ni kati ya psi 50 na 80 ukiwa barabarani, na kati ya 10 na 25 injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta. Mtu akiona 15 kwenye taa za Morocco anashtuka bure.

Ikiwa chini ya hapo, angalia kiwango, kisha uliza ni oili gani. Hili hutokea sana wiki ya kwanza: mwenye gari mpya anafanya sevisi kwa nia njema, gereji inaweka 5W-30 kama ya Vitz, na geji inashuka. MGB inataka 20W-50. Rudisha ya zamani kabla ya kumsikiliza mtu anayetaka kushusha injini. Geji yenyewe inaweza kudanganya, kwa hiyo pima kwa geji nyingine. Presha ikiwa kweli ndogo na unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, hizo ni beringi za krenki. Zima papo hapo, vuta kwa gari jingine. Kila kilomita utakayoongeza inakula krenki.

Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache asubuhi ni oili iliyopita kwenye gaidi za valvu, unaweza kuishi nao. Bluu inayofuata kila ukikanyaga mafuta ni ringi, na hiyo ni ovahoo, kufungua injini yote. Moshi mweusi ni choki isiyorudi yote. Shika mkono wake pale kwenye kabureta kabla ya kusema lolote jingine. Matone machache ya oili sakafuni kwa mzee ni jambo la kawaida kwa injini hizi. MGB isiyodondosha hata tone, chungulia kama oili imo.

Kuna swali moja la petroli ambalo wanunuzi hawaulizi. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Viti vya valvu za eksozi vya asili vinaweza kulika kwa petroli ya sasa, hasa gari likiendeshwa kwa kasi muda mrefu. Dalili ni nafasi ya tepeti (uwazi juu ya valvu) inayopungua yenyewe. Muulize mzee kama hedi iliwekewa viti vigumu, na kama hajui, muulize anarekebisha tepeti kila baada ya muda gani. Akisema "kila mara", umepata jibu. Zipime mwenyewe kila sevisi, milimita 0.38 injini ikiwa ya moto.

Taa hafifu, indiketa zinacheza, redio imeungua

Fyuzi kwanza, kisha ardhi. Fyuzi za gari hili ni za kioo, na sehemu zinazozishika huota ukungu wa kijani kwa unyevu wetu. Zungusha fyuzi kwa vidole, utaona taa zinarudi. Kila taa pia ina waya wake mweusi unaoshika bodi. Ufungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga.

Sasa onyo. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zina ardhi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio ulioshikwa na bodi, na zinatumia dainamo. Fundi umeme aliyezoea magari ya leo ataifunga betri kinyume, au atafunga redio na chaja ya simu zikaungua papo hapo. Baadhi ya wamiliki walibadilisha wakaweka hasi na alteneta. Usikisie kwa mwaka wa gari. Fuata kwa macho waya mnene kutoka betri hadi bodi uone umetoka kwenye alama ipi, kisha bandika karatasi hapo.

Saketi ya taa kubwa na ya kuwashia injini hazipiti kwenye fyuzi katika magari ya mwanzo. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya dashibodi, hakuna fyuzi itakayokuokoa: chomoa betri. Kwa sababu betri iko nyuma ya viti chini ya kifuniko cha skrubu, weka swichi ya kukatia umeme siku ya kwanza. Nyaya zikishayeyuka, muachie fundi umeme mwenye mchoro wa gari lenyewe.

Breki laini, au gari linavuta upande

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Dar haina upungufu wa unyevu. Kama mzee hakumbuki yalibadilishwa lini, badilisha yote kwa DOT 4 kabla ya kuliendesha kila siku. Gari likivuta upande baada ya kukaa, pistoni ya kaliper imeshika. Breki ikibaki imekamata baada ya kuachia pedali, shuku hosi za mpira. Kwa nje nzima, kwa ndani zimevimba. Zibadilishe zote pamoja.

Pedali ikishuka taratibu ukiwa umesimama na hakuna mvujo wowote wa nje, ni mastasilinda. MGB nyingi za soko la Uingereza zina saketi moja tu ya breki, kwa hiyo ikifa, zinakufa za magurudumu manne kwa pamoja. Pedali inayoshuka haina "nitaenda nalo polepole". Liache hapo lilipo.

Tairi nazo hudanganya. Gari la Jumapili lina tairi zenye meno mazuri na mpira uliokufa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Hiyo hufai kupanda nayo hata daraja la Tanzanite.

Usukani unatetemeka, kuna mlio wa kugonga ukitoa klachi

Nyanyua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini, ile pini gurudumu linapokatia kona. Kingpini hufa kwa kukosa grisi tu, na vitabu vinataka ipigwe kila maili 3,000. Kama ni magurudumu ya spoku, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Inayotoa mlio mfu imelegea. Mlio wa "klank" unapoondoka au kurudi nyuma mara nyingi ni meno ya habu (kitovu cha gurudumu) yaliyolika. Nati yake kubwa ya katikati upande wa kulia inafunguka kinyume na ya kushoto. Fundi wa tairi asiyejua ataipiga nyundo mpaka kesho.

Overdraivu haishiki

Overdraivu ni gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini kwenye barabara ndefu. Ukitoka mjini kwenda Kibaha, ndipo utagundua. Chanzo huwa umeme: swichi, waya ulioko juu ya giaboksi, au ardhi. Ukishavimaliza hivyo, pima oili. Overdraivu na giaboksi vinashiriki oili moja, nayo ni ile ile ya injini, 20W-50. Oili nzito ya gia ni ya difu tu. Sevisi ya kwanza ya mtu mgeni ndipo inapomwagwa humo kimakosa, na overdraivu inaanza kuteleza. Imwage, jaza sahihi, endesha kidogo kabla ya kukata tamaa. Ndani ya overdraivu yenyewe usiguse, kuna springi zenye nguvu. Ni kazi ya mtaalamu.

Namba hazilingani

Hii ni dalili kama nyingine. Linganisha namba ya chesesi iliyo kwenye kibati ndani ya boneti na iliyo kwenye kadi ya gari. Za MGB ya wazi huanza na GHN na za GT, ile yenye paa la bati, huanza na GHD, zikifuatiwa na tarakimu. Namba ya injini huanza na 18. Injini kutolingana na kadi si ajabu kwa gari la umri huu, huenda ilibadilishwa. Irekebishwe TRA wakati wa kuhamisha umiliki. British Motor Museum, Gaydon, hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani na namba zipi na rangi gani, kwa malipo.

Chesesi isipolingana, hakuna biashara mpaka ielezwe kwa maandishi. Na kama mwenye jina kwenye kadi ameshafariki na anayekuuzia ni mtoto au mjane, omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye anayesaini mkataba, mbele ya wakili, na hela ilipwe kwake baada ya TIN zenu zote mbili kuingia kwenye maombi ya kuhamisha kadi.